Mguu Ambao Daktari Hakuambiwa

Kila jioni, jua likishapoa, mimi na mke wangu tunatoka kutembea. Tunashuka barabara ya vumbi nyuma ya nyumba, tunapita mashine ya kusaga, tunakwenda mpaka zinapoanza kuonekana paa za kitongoji cha Mpemba, kisha tunageuka. Tunatembea bega kwa bega. Watu wa Tunduma hawajazoea kumwona mzee na mkewe wakitembea pamoja mikono mitupu na wala hawaendi msibani, kwa hiyo wanatucheka. Madereva wa Zambia, ambao huniita mudala, yaani mzee, hutupigia honi. Vijana wa bodaboda wanasimama watupakie, na tukikataa wanaondoka wakitikisa vichwa. Mimi sikuzaliwa na subira. Mtu akiniuliza mara ya tatu kwa nini sipandi pikipiki, namjibu vibaya. Mke wangu ndiye hunituliza.

“Mwache,” huniambia, “hajui.”

Ni kweli hajui. Basi acha nieleze.

Mimi ni wakala wa forodha. Nilikuja Tunduma kijana, kutoka Kondoa, miaka ile biashara ilipofunguliwa milango na kila mwenye akili na asiye na akili akakimbilia mpakani. Wengine walichukua mitumba, wengine wakabadilisha fedha, mimi nikashika karatasi za malori. Kazi yangu, ukiondoa mihuri na kelele, ni kukadiria. Lori linaingia foleni, naangalia mzigo, naangalia karatasi, namwangalia dereva, namuuliza mwenye mali maswali mawili matatu, halafu nasema: hili litavuka kesho, hili litalala hapa mpaka dereva aote ndevu. Nilikuwa nakosea mara chache. Na nilipokosea, karibu kila mara ilikuwa kwa sababu mtu hakutaja kitu kilichokuwa ndani ya lori.

Hapa Tunduma ndipo nilipooa. Mke wangu ni Mnyamwanga, kwao ni upande wa Chitete. Mama yake, Mungu ampe maisha marefu, tangu siku ya posa hajawahi kukaa nami chumba kimoja kwa hiari yake. Ndivyo desturi ya kwao inavyotaka: mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kukwepana. Akija kututembelea, nikiingia mlango wa mbele yeye anatokea wa nyuma. Salamu zangu anazipata kwa kupitia kwa binti yake, na zake nazipata hivyo hivyo. Tumeishi kwa amani kubwa namna hiyo. Wanaogombana na wakwe zao waje tuwafundishe.

Halafu nikaugua ini. Ilikuwa homa ya ini, ile inayokaa mwilini miaka mingi bila kubisha hodi. Tumbo likajaa maji, macho yakawa ya njano. Mimi ni Mwislamu, pombe sijaionja, lakini mji wetu una mdomo. Ikasemwa kwamba nilikuwa navuka mpaka kwenda Nakonde kunywa kwa siri. Nilikasirika kuliko nilivyougua. Nilitaka kwenda msikitini nikapime pumzi mbele ya jamaa, mke wangu akanikatalia, akaniambia nimalize kufa kwanza ndipo nianze kugombana.

Madaktari walisema ini langu limekwisha, lililobaki ni kuwekewa la mtu mwingine, na kazi hiyo hufanyika India. Jinsi tulivyopata gharama sitaisimulia, bado inanipa kizunguzungu. Ndugu zangu wawili walijitolea. Mmoja damu yake haikulingana na yangu, mwingine ililingana lakini ini lake lilikutwa na mafuta mengi. Tukakaa sebuleni, kila mtu anaangalia miguu yake. Ndipo mke wangu akasema, kama mtu anayeomba chumvi, “Nipimeni na mimi.”

Akalingana. Wanaume huimba kwamba mapenzi yamewakata maini. Mke wangu hakuimba, alikatwa.

Kule India, kabla ya upasuaji, alikuja daktari mmoja wa kike, mfupi, mwenye miwani, akaketi kitandani kwangu akanieleza habari ya damu kuganda. Nilimpenda daktari huyo kwa sababu hakunibembeleza. Alisema ini jipya likishashonwa, damu haijui ifanye nini. Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kuigandisha damu, na ini hilo hilo linatengeneza vitu vya kuizuia isigande ovyo, na siku za mwanzo mizani hiyo huyumba. Unaweza kuvuja, unaweza kuganda. Damu ikiganda kwenye mshipa wa ini, ini linakufa. Ikiganda mguuni, bonge linaweza kung'oka likapanda mapafuni, na mtu mliyekuwa mnacheka naye akaanguka.

Nikamuuliza atajuaje ni nani damu itamganda. Akasema kujua hawezi, kukadiria anaweza. Wanaangalia umri, uzito, ugonjwa ulioua ini, muda ambao mtu atalala mezani, kama aliwahi kuganda damu zamani, kama kuna ndugu yake aliyewahi, na baada ya hapo ataamka na kutembea lini. Wanajumlisha yote hayo, kisha wanaamua ni nani wa kupewa dawa nyingi, nani kidogo, nani wa kulindwa kama yai.

Nilicheka mpaka tumbo langu la maji likauma. Ilikuwa kazi yangu hasa! Nikamwambia, “Daktari, wewe ni wakala wa forodha.” Hakuelewa, lakini alicheka.

Mimi nilionekana mzigo wa hatari. Mzee, mnene, mwenye kazi ya kukaa kwenye kiti. Kisha wakamgeukia mke wangu, maana anayetoa ini naye hukatwa, naye damu yake inaweza kuganda. Yeye hajui Kiingereza, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Daktari akauliza: je, amewahi kuvimba mguu mmoja? Labda wakati wa mimba, au baada ya kujifungua? Ndugu zake je?

Nilitafsiri neno kwa neno, macho yangu yakiwa dirishani. Nawaomba wasomaji mnielewe. Kwetu na kwao, mambo ya chumba cha uzazi ni ya wanawake. Mwanaume huambiwa “mtoto wa kike” au “mtoto wa kiume,” anatoa shukrani, anachinja, basi. Mke wangu naye alikuwa anaangalia mikono yake.

“Hakuna,” akasema.

Daktari akaandika, akatabasamu. Mwembamba, mchapakazi, hajawahi kuugua. Mzigo mwepesi huo.

Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillah. Nilipozinduka niliambiwa yeye ameshaamka na ameshauliza kama nimekula. Tulikaa kule hadi madaktari waliporidhika na mimi, tukapewa ruhusa ya kurudi. Yule daktari mfupi alinifundisha kujichunga. Kila asubuhi nizungushe uzi kwenye shavu la mguu huu, kisha uzi huo huo kwenye mguu wa pili. Mguu mmoja ukinenepa peke yake, ukawa wa moto na unauma, nikimbie hospitali. Na nitembee. Nisikae, nitembee. Tulipewa soksi ndefu za kubana, mimi na yeye. Mimi nilizivaa nikilalamika mpaka Tunduma. Yeye alivua zake tulipotua Dar es Salaam, akasema joto lile na soksi zile vitamuua kabla ya ini.

Njia ya Dar es Salaam hadi kwetu mnaijua. Gari lilipoingia uani tulikuta wanawake wamejaa, na vigelegele nilivyovisikia sikuwahi kuvisikia hata siku ya harusi yangu. Halikuwa jambo dogo. Walikuwa wameshajadiliana jambo hili kwa siku nyingi, wakafikia uamuzi, na uamuzi wenyewe ulitangazwa na jirani yetu mmoja, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki.

“Huyu mwenzetu amepasuliwa tumbo, sivyo?”

“Ndivyo!”

“Na kwenye tumbo lake kimetoka kitu, na kwa kitu hicho kuna mtu anaishi, sivyo?”

“Ndivyo!”

“Basi amejifungua. Amejifungua mume! Huyu ni mzazi, na mzazi ana arobaini yake.”

Wakacheka, mke wangu akacheka mpaka akashika kidonda. Mimi pia nilicheka, ingawa sikupenda sana kuwa kichanga. Alijaribu kuwaambia kwamba kidonda chake kimekwisha kufunga, kwamba imepita miezi. Wakamjibu kwamba hospitali za watu hazihesabiki, arobaini inaanzia nyumbani.

Mama mkwe alishuka kutoka Chitete na kuku wawili na mtama. Mke wangu akalazwa chumba cha uani. Akafungwa tumbo kwa khanga, akakandwa kwa maji ya moto, akanyweshwa uji wa ulezi na karanga, supu asubuhi na supu jioni. Hakuruhusiwa kufagia, hakuruhusiwa kuinama, akiinua sufuria ananyang'anywa. Mwanamke ambaye tangu nimuoe sikuwahi kumwona amekaa jua likiwa juu, sasa alikuwa amelala ameinyoosha miguu, anapepewa. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi sana. Nilijiambia hatimaye mji huu umempa heshima yake, na kama ningekuwa na uwezo ningemwongezea arobaini nyingine juu ya hiyo.

Mimi ndiye niliyeteswa. Chakula changu kilikuwa mboga za kuchemsha zisizo na chumvi, huku harufu ya supu ya kuku ikinipita puani kwenda chumba cha uani. Na kila nilipokaa kidogo kuongea na mgeni, sauti ilitoka ndani kupitia ukuta: “Baba watoto! Unatembea au umekaa?” Nikainuka nikazunguka ua. Wageni waliokuja kunipa pole walishangaa, wengine wakauliza ni mke wa namna gani anayemsumbua mgonjwa hivyo. Kila asubuhi alimtuma mtoto kuniuliza uzi umesemaje. Mji mzima ulikuwa unachunga miguu yangu.

Arobaini ilikuwa imekaribia kwisha nilipomsikia mama mkwe. Ilikuwa mchana, nimemaliza mzunguko wangu, nimesimama kwenye kivuli cha ukuta wa kile chumba. Ndani walikuwa wanawake watatu wanne, na maji yalikuwa yanamwagwa kwenye beseni. Mke wangu aliguna, kama anayevumilia. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe.

“Mguu huu tena,” alisema. “Ndio ule ule wa uzazi wa kitindamimba. Nao ulivimba hivi hivi, tukaukanda ukaisha. Lete maji mengine, haya yamepoa.”

Nilisimama pale. Tena. Mguu huu tena. Yule daktari mfupi alikuwa ameuliza swali moja, na jibu lake lilikuwa humu ndani miaka yote, upande wa pili wa ukuta wangu.

Nilikohoa mlangoni. Mwanaume hakohoi mlango wa mzazi wakati mama mkwe yumo ndani, kwa hiyo wote walinyamaza, wakidhani nitaondoka. Nikaingia. Mama mkwe alijifunika khanga usoni na kugeukia ukutani, maskini, hakuwa na pengine pa kukimbilia. Mke wangu alivuta shuka afunike mguu.

“Msikande,” nikasema. “Tafadhali, mama zangu, msiuguse tena.”

Nikapiga magoti, nikautoa uzi wangu mfukoni, nikauzungusha kwenye mguu wake wa kulia nikashika kwa vidole pale ulipokutana. Kisha nikaupeleka mguu wa kushoto. Nusura nilie. Uzi haukuzunguka, ulibakiza pengo la upana wa vidole vyangu. Nao mguu ulikuwa wa moto, umeng'aa kama embe.

“Tangu lini?” nikamuuliza.

“Juzi,” akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, “Umeuma kidogo tu. Sikutaka uache kutembea.”

Nilimfokea. Nilimfokea mbele ya mama yake na majirani, mzazi wa watu kitandani, kwa hofu tupu. Kisha nikatoka kutafuta gari.

Jirani yangu mwenye teksi alikuja mara moja. Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake kwa mama yake, mguu kwenye mto. Mimi nikakaa mbele, na ndivyo mimi na mama mkwe wangu tulivyopanda gari moja kwa mara ya kwanza. Tukatoka, na kufika Mpemba tukakuta foleni. Malori yamesimama pande zote mbili, injini zimezimwa, madereva wanapika ugali chini ya matela. Siku nyingine foleni ile ni riziki yangu. Siku ile niliichukia. Nilishuka, nikawa natembea mbele ya teksi, napiga bodi za malori kwa kiganja, naomba, natukana, naomba tena. Dereva mmoja Mzambia akanitambua. “Mudala, si ulikuwa mgonjwa wewe?” Nikamwambia mgonjwa ni mke wangu. Aliita wenzake, lori moja likarudi nyuma, jingine likapanda ukingoni, tukapita pembeni kwenye majani.

Njia nzima hadi Mbeya nilikuwa nageuka kumtazama kifua. Alikuwa anapumua. Nilikuwa nimeambiwa bonge likipanda mapafuni mtu hukosa pumzi ghafla, kwa hiyo kila alipokohoa nami nilikata pumzi. Yeye aliona ninavyomwangalia, akanikonyeza, mbele ya mama yake! Mwanamke huyu hana adabu hata akiwa anakufa.

Hospitali walimpaka mafuta ya baridi mguuni wakapitisha ile mashine ya picha. Bonge lilikuwepo, ndani ya mshipa wa paja, refu. Hewa ilikuwa inaingia vizuri mapafuni. Daktari, kijana mmoja mtaratibu, alisema tumewahi. Atachomwa sindano za kuizuia damu isiendelee kuganda, kisha atakunywa vidonge kwa muda mrefu na kutembea kila siku badala ya kulala, na hatari itapungua. Lakini kwanza alihitaji kujua asili ya jambo lenyewe, ili akadirie ni kwa muda gani amlinde. Akavuta kiti, akashika kalamu, akauliza kwa Kiswahili maswali yale yale niliyoyatafsiri kule India. Umewahi kuvimba mguu mmoja? Baada ya uzazi? Kuna ndugu yako?

Mama mkwe alikuwa ameshatoka, amekaa kwenye benchi la nje. Nami nikainuka. Miguu yangu ilijiinukia yenyewe, kama inavyojiinukia kila mwanaume wa rika langu wanawake wanapoanza mazungumzo yao. Nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango.

“Baba watoto,” mke wangu akasema. “Unakwenda wapi?”

“Nawapisha. Useme kwa nafasi.”

“Rudi ukae. Ini langu umelibeba, mguu ndio nikufiche?”

Nikarudi nikakaa.

Akasimulia. Alisema uzazi wa kitindamimba, kwa mama yake Chitete, mguu huo huo wa kushoto ulivimba wiki ya pili, ukawa wa moto, na kwamba kulikuwa na siku kifua kilimbana hadi akamkabidhi mama yake mtoto na kumwelekeza nguo zake zigawiwe nani. Alisema alikataza nisiitwe, kwa sababu nilikuwa mpakani na malori na ningeendesha gari kama kichaa. Alisema dada yake mkubwa, ambaye mimi niliambiwa alikufa kwa moyo, alikuwa mzazi wa siku kumi, alivimba mguu, aliinuka kitandani kuchukua maji ya kunywa akaanguka. Alisema yote hayo bila kushusha sauti, akiangalia mara kwa daktari, mara kwangu, na mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu. Kitindamimba huyo sasa ni kijana, ananyoa ndevu.

Daktari aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza, akanigeukia, akaniuliza mimi kama mume nina jambo lolote la kuongeza au kusahihisha katika historia ya mke wangu.

Nikamwambia sina. Nikamwambia mimi na yeye daktari tumeisikia pamoja leo, kwa mara ya kwanza.